Mkia wa Shati

Merle Kibler alikuwa na sikio moja zima na roho moja yenye kijicho, na vyote viwili alikuwa navyo tangu utotoni. Sikio la kushoto lilioza kwa usaha kabla hajaanza shule; daktari akalichokonoa kwa nyuma, akaacha shimo la kuingia ncha ya kidole. Kijicho hakikuwa na daktari. Alimwonea wivu dada yake Lorraine kwa kuketi karibu na baba kanisani, akamwonea wivu hata mbwa kwa kupapaswa kichwa na baba jioni, na alipokuwa mtu mzima mwenye mke na nyumba yake, mvi zikichungulia, bado alikuwa akiangalia nani kachekewa na baba na nani hakuchekewa.

Baba mwenyewe hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Mzee Orrin Kibler alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono mifupi kama wanaume wote wa ukoo ule, na maneno aliyatoa kwa kipimo. Alipigana Ufaransa katika vita vya kwanza, akarudi, akawa seremala. Alimfundisha Merle kusukuma randa, kunoa patasi na kusoma nyayo kwenye theluji, na katika mafunzo yote hayo hakumwambia hata siku moja kwamba kafanya vizuri. Kazi ikiwa mbaya alisema, "Rudia." Ikiwa nzuri alisema, "Mh," akaenda zake. Merle aliishi kwa hizo "mh", na chache ndizo alizopata.

Vita vya pili vilipokuja, vijana wa bonde zima walipanda treni. Merle alipimwa, wakamtazama sikio, wakamrudisha nyumbani. Akarudi kiwandani akachonga miguu ya viti mpaka vita vikaisha. Hakuna aliyemcheka, lakini tangu hapo wanaume walipoanza habari za jeshi yeye aliinuka kwenda kuongeza kuni jikoni, hata kama jiko lilikuwa limejaa.

Kisha Lorraine akaolewa. Dale Swartwood alikuwa mrefu wa kuinamia milango, dereva wa lori la maziwa, aliyerudi kutoka visiwa vya Pasifiki na kovu begani na vichekesho visivyokwisha. Jumapili ya kwanza kuletwa nyumbani alisimulia kisa cha sajini na nyumbu, na Mzee Orrin akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Merle alikuwa akikata mkate. Hakuwahi kumwona baba yake akivua miwani kwa kicheko. Alimchukia Dale tangu kipande kile cha mkate, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba Dale hakuwa na baya lolote la kumshikia. Alikuwa mtu mwema, mjinga kidogo, na alimpenda Merle kwa dhati. Hebu fikiria kero yake hiyo.

Kitu kimoja Merle alikuwa nacho ambacho Dale hakuwa nacho, nacho ni mikono. Katika chumba cha chini ya nyumba yake, karibu na tanuri la makaa, alikuwa na meza yenye jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila namna na mkebe wa mafuta ya kitani. Wanaume wa kaunti ya Potter walimletea bunduki kuukuu za jeshi, nzito, zilizofunikwa mbao karibu mpaka mdomoni, na yeye akazitoa zikiwa nyepesi na nyororo, za kubeba msituni mchana kutwa bila bega kulalamika. Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kukata ubao alimwita mwenye bunduki, akamkunja mkono, akapima kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole cha kufyatulia. Bunduki ni kama koti, alisema, ukivaa la mwenzio utajulikana tu.

Mwaka mmoja, theluji ya mwisho ilipokuwa ikiyeyuka, Mzee Orrin alikuja na sanduku refu nyuma ya gari. Jeshi lilikuwa likiuza bunduki zake za zamani kwa wanachama wa klabu za shabaha, na mzee alikuwa ameagiza ya aina ile ile aliyobeba Ufaransa. Walilishusha sanduku wawili, wakaliburuta sakafuni mpaka mezani.

"Itoe hayo mambao yote ya jeshi," alisema mzee akihema. "Itengeneze iwe ya kuwindia." Akaongeza neno jingine, lakini sanduku lilikuwa likikwaruza saruji na mzee alikuwa upande wa sikio bovu la Merle. Merle alisikia mwisho tu: "...iwe nzuri."

"Itakuwa nzuri, Baba."

Hakuuliza neno lile lilikuwa nini. Mzee hakupenda kuulizwa mara mbili, na aulize nini? Mzee alikuwa ameshatangaza kwamba magoti yamemshinda, kwamba msimu huu wa kulungu ndio wake wa mwisho. Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja. Mtu akiacha kuwinda na akamletea mwanawe bunduki, kuna fumbo gani hapo? Usiku ule Merle alikula viazi akitabasamu mpaka mkewe Verna akamuuliza kama anaumwa.

Alifanya kazi ile kama hajawahi kufanya kazi maishani. Grisi ya jeshi ilikuwa imeganda nene na nyeusi. Aliiyeyusha kwa maji ya moto, akasugua kwa mafuta ya taa mpaka Verna akakataa kumkaribia. Chini ya mbao palikuwa na kutu, na chini ya kutu palikuwa na vishimo, akavisawazisha kwa tupa na msasa jioni baada ya jioni. Ndani ya mtutu, alipochungulia dhidi ya taa, mifereji ya kuzungusha risasi ilikuwa inang'aa kana kwamba haijawahi kupitiwa na risasi. Akaondoa kishikio cha singe. Akalisugua komeo likawa linateleza kwa kidole kimoja. Akautia mtutu rangi ile ya buluu iliyoiva, ya kuchemsha na kusugua, kuchemsha na kusugua. Kilengeo cha zamani akakitoa, akatengeneza kipya cha mbele, chembe ndogo ya chuma iliyochomekwa kwenye mfereji mwembamba juu ya mdomo wa mtutu.

Na ubao! Kulikuwa na mti wa mjozi uani kwa bibi yake, mama wa Mzee Orrin, ulioangushwa na mafuriko Merle akiwa kijana. Ubao wake mmoja aliuweka juu ya dari ya banda miaka yote hiyo, kahawia na mishipa myeusi inayojipinda, akiwakatalia watu waliomtajia bei nzuri. Aliuweka kwa ajili ya bunduki yake mwenyewe. Sasa akaushusha. Akakunja mkono wake mwenyewe, akapima, akakata.

Majani yalikuwa yameanza kuanguka Mzee Orrin aliposhuka ngazi kuja kuitazama. Merle alikuwa akimalizia kuchora mshiko, vile vimistari vinavyokatana ili mkono usiteleze. Mzee aliichukua, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mishipa ya ubao.

"Mjozi wa mama," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Mh."

Moyo wa Merle ukapaa. Kisha mzee akairudisha mezani polepole, akasema, "Dale ataipenda mno. Maskini, kila mwaka anaazima." Akapanda ngazi, magoti yakilia.

Merle alikaa na patasi mkononi. Baadaye alipanda jikoni, akamkuta Verna akimenya matofaa ya pai.

"Verna, bunduki ile ni ya nani?"

"Ya Dale. Kwani ya nani?" Verna akainua macho. "Si alikwambia siku ile ile mliyoishusha? 'Mtengenezee Dale, iwe nzuri.' Mimi nilikuwa hapo juu ngazini, nikasikia wazi. Au ulimpa lile sikio lako la ubao?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie ulichokwisha kuambiwa? We Merle! Na hivyo kinakuuma nini? Wewe unaweza kujitengenezea kumi. Baba yako mwenyewe aliniambia, Merle ana mikono, Dale hana chochote."

Alidhani anampoza. Merle alisikia jambo moja tu, kwamba baba na Dale na hata mkewe walikuwa na siri ya wazi mchana kweupe na yeye peke yake ndiye aliyekuwa nje. Askari anampa askari bunduki ya jeshi, na fundi wa miguu ya viti anaisugua kutu. Na ubao wa bibi yake umo humo.

Desturi yake ilimtaka amwite Dale, amkunje mkono, apime. Kitako, ule ubao wa kuegemeza begani, kilikuwa kifupi mno kwa mtu mrefu vile. Kilihitaji kipande cha kuongezwa nyuma, kazi ya jioni mbili. Hakumwita. Alijiambia muda hautoshi, na alijua ni uongo.

Walikwenda kuijaribu kwenye machimbo ya mawe, watatu. Dale aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku bila kichekesho hata kimoja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Shemeji," alisema mwishowe, "mimi sijawahi kumiliki kitu kizuri namna hii. Lorraine nimemtoa kwenye hesabu, asije akaniua."

Akalenga, akafyatua. Bunduki ikamrudi, kidole gumba chake mwenyewe kikampiga puani, damu ikachuruzika mpaka kidevuni. Mzee Orrin akacheka mpaka miwani ikatoka tena.

"Kitako kifupi," mzee alisema akijifuta. "Merle, kiongezee ubao."

"Msimu umefika, Baba. Gundi haitakauka."

"Acha, mzee, ni pua yangu ndiyo ndefu," Dale alisema huku kaikamata kwa leso. "Nitaizoea."

Mzee akaichukua yeye, akaiweka begani, akauangusha mkebe wa maharage uliokuwa juu ya ukuta wa mawe, akaangusha na wa pili. Merle akarekebisha kilengeo kwa kijiti chake cha shaba ya manjano, akigonga kidogo kidogo, maana chuma kingekwaruza. Hakuna mwingine bondeni aliyetumia shaba. Wengine waligonga kwa msumari. Risasi zilipoanza kuingia katikati, akachukua sindano ya chuma akachora mstari mwembamba kupitia kilengeo mpaka kwenye mtutu chini yake.

"Hapa ndipo nyumbani kwake," alisema, kama alivyowaambia wateja wote. "Mistari miwili ikiachana, ujue kimesogea."

Kisha akaichukua tena kwenda nayo nyumbani, kwa mkono wa mwisho wa mafuta.

Huenda jambo lingeishia hapo, na kijicho chake kingebaki kile cha siku zote, kama si chakula cha Sikukuu ya Shukrani. Walikula kwa Merle. Bata mzinga alikuwa mezani, viazi, malenge, kabichi iliyochachuliwa ya Verna. Mzee Orrin akamwekea Dale paja. Merle akaliona paja lile likipita mbele ya macho yake. Kisha mzee akasafisha koo.

"Jumatatu msimu ukifunguliwa, Dale atakaa kwenye jiwe langu. Mimi nitakaa chini kwenye kijito, kule Merle anakokaaga. Magoti hayapandi tena."

Jiwe lile lilikuwa mlimani juu ya bonde la miberoshi, na mzee alikuwa amekaa pale kila msimu tangu aliporudi kutoka Ufaransa. Kulungu wote wakubwa wa ukoo walitoka pale. Merle alikuwa amelisubiri jiwe lile kama wengine wanavyosubiri shamba.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe popote," mzee alisema akichovya mkate kwenye mchuzi. "Wewe popote utapata mnyama."

Yaliyokuwa ndani ya neno lile, Merle hakuyasikia, na safari hii sikio halikuwa na kosa. Alisikia "popote." Aliinuka mezani. Wengine wakahamia sebuleni kusikiliza mpira redioni, mzee na Dale kochi moja, na yeye akashuka chini kwenye meza yake, jua la mchana likiingia kwa kidirisha.

Ni lazima ijulikane alikuwa akitaka nini. Katika kibanda chao cha mawindo kulikuwa na sheria. Ukimfyatulia kulungu ukamkosa, jioni wanakuvua koti, wanakata pindo la nyuma la shati lako, unaliandika jina na mwaka, linapigiliwa misumari ukutani milele. Mkia wa shati, walivyouita. Dale alikuwa na mikia mitatu, na kila mwaka aliwaonyesha wageni kama medali. Merle alikuwa na mmoja, nao ulimkera kila alipokula akiutazama. Mzee Orrin hakuwa na hata mmoja. Merle alitaka mkia wa nne wa Dale, na alitaka ukatwe siku hiyo hiyo ya kwanza, kutoka kwenye jiwe la baba, kwa bunduki ya baba. Alitaka mzee amtazame mkwewe akikosa mnyama mkubwa na bunduki nzuri kuliko zote bondeni, na moyoni aseme, ningempa Merle.

Akaibana bunduki kwenye jiliwa. Akaweka kijiti cha shaba ubavuni mwa kilengeo, akagonga. Chembe ile ikasogea kushoto kiasi cha unene wa sarafu ndogo. Kidogo tu. Lakini unene wa sarafu mdomoni mwa mtutu ni shubiri nzima ng'ambo ya bonde, upande wa kulia wa kila kitu. Akaipaka mafuta, akapanda nayo juu, akamkabidhi Dale. Dale akamkumbatia mbele ya watu wote.

Jumatatu alfajiri kibanda kilinuka kahawa na soksi. Clete, rafiki wa zamani wa Mzee Orrin na mpishi wa kambi, alikuwa akigeuza chapati za ngano nyeusi akiwatukana wote kwa zamu. Shule zimefungwa, kiwanda kimefungwa, theluji mpya imelala nje bila alama. Dale alitoka chumbani na pua bado imevimba, bunduki ya mjozi mkononi.

"Mzee, mimi na huyu hatujaelewana bado. Nimeilenga pale nje, pua imeanza kulia kabla sijafyatua." Akaiweka mapajani mwa mzee. "Piga nayo wewe leo. Ni msimu wako wa mwisho, bwana, usiende na lile lichuma lako. Nipe mimi hilo. Na panda kwenye jiwe lako, mimi nitakubeba mgongoni ikibidi."

"Wee, unibebe, kwani mimi bibi harusi?" mzee alisema, lakini mkono wake ulikuwa umeshaushika ule mshiko, na haukuuachia.

Merle alisimama na kikombe midomoni. Neno lilikuwa pale pale. Baba, usiende na hiyo, kilengeo kimegongwa. Lakini wangeuliza kimegongwa na nani. Alifungua mdomo, na Clete akapiga kelele, "Chapati zinapoa, nyie, kulungu hawangoji wazembe!" na mdomo ule Merle akautia chapati. Walipotoka nje alimwona Dale akimshika mzee kiwiko kwenye mteremko, na hata pale, Mungu amsamehe, alichohisi kwanza kilikuwa wivu kwamba si yeye aliyekishika.

Alikaa chini ya mberoshi, akaomba kulungu wasipite. Mwindaji anaomba wanyama wasipite! Jua lilikuwa limepanda juu ya miti pale mlio wa bunduki ulipovuma bondeni, mmoja, kisha mwingine upesi. Mwenye sikio moja hajui sauti imetoka upande gani. Merle aligeuka huku, akageuka kule, akajiambia ni watu wa kambi nyingine, ni Dale, ni mtu yeyote. Kisha akaanza kupanda kwenda kwenye jiwe, akiteleza, akishika matawi.

Mzee Orrin alikuwa amesimama ng'ambo ya bonde, mkabala na jiwe lake, akitazama theluji. Nyayo za dume mkubwa zilikuwa zimesimama pale, kisha zikaruka mbali. Hakukuwa na damu, wala unywele.

"Alitoka kwenye miberoshi, akasimama ananitazama," mzee alisema. "Kifua chote wazi. Pembe, Merle, sijaona pembe kama zile tangu ulipozaliwa." Alikuwa akitabasamu, mabega yameanguka. "Ni macho. Macho nayo yamekwisha kama magoti."

"Baba..."

"Bunduki haina kosa. Kitako hiki, nimekiweka begani, kikakaa chenyewe, hata sikukitafuta. Dale amenipa tu, lakini ni kama ulinipimia mimi." Akaupapasa mjozi kwa glavu. "Umefanya vizuri, Merle. Sikwambiagi, lakini umefanya vizuri."

Merle alitazama chini kwenye nyayo. Mkono uliopimwa ulikuwa wake, na mkono wake ulikuwa wa baba yake, ule ule mfupi wa akina Kibler, na hilo hakuwa amelifikiria hata mara moja katika miezi yote ile ya kupima na kukata. Alilingojea neno "vizuri" maisha yake yote, na sasa alipewa, hakuwa na pa kuliweka.

Jioni kibanda kilikuwa na vurugu. Clete alikuwa amechukua mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, anauchezesha hewani.

"Orrin Kibler! Loo, leo! Miaka yote umetukalia kimya hapo na shati lako zima kama askofu! Vua koti, bwana, haki imefika!"

"Kateni langu," Dale alisema. Hakuwa akicheka. "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyempa bunduki asiyoizoea. Angepiga na yake asingekosa."

"Kaa chini wewe, mikia yako imejaa ukuta."

Hata hapo Merle alimwonea wivu. Dale alikuwa na roho ya kusema vile kwa jambo ambalo hakulifanya, na aliyelifanya alikuwa ameketi kimya kwenye benchi.

Mzee Orrin aliketi karibu na taa, akiikausha bunduki kwa kitambaa kabla ya kuitundika, kama afanyavyo siku zote. Alianza kwenye kitako, akapanda kwenye komeo, akafuata mtutu. Ukucha wa kidole gumba ulifika kwenye kilengeo, ukasimama. Ukarudi nyuma, ukapita tena. Mzee akashusha miwani kutoka kwenye paji, akausogeza mdomo wa mtutu kwenye taa. Mstari wa juu ulikuwa huku na mstari wa chini kule. Na ubavuni mwa chuma cheusi, pale kilipogongwa, palikuwa na doa dogo la manjano.

Alilitazama doa lile muda mrefu. Kisha akamtazama Merle juu ya miwani. Hakukunja uso. Merle angelipa chochote akunje uso, atukane, apige, lakini mzee alimtazama tu kama anavyoutazama ubao kabla ya kuamua utafaa nini, kisha akaitundika bunduki ukutani, akavua koti.

"Clete, mpe Merle mkasi."

"Merle? Mkasi ni wangu, sheria za kambi..."

"Nimesema mpe Merle."

Merle akaupokea. Shati la baba lilikuwa la sufu nyekundu, lililochakaa, alilolishona mama yake Merle alipokuwa hai. Mzee akamgeuzia mgongo na kusimama wima, mikono pembeni, kama yuko kwenye gwaride. Mkasi ulianza kombo hata Dale akasema, "Polepole, shemeji, usimkate mzee." Sufu ile ilikuwa nzito. Merle alikata kutoka upande huu mpaka upande ule, na kipande kikamwangukia mkononi kikiwa bado na joto.

Mzee akakichukua. Akatoa penseli yake ya useremala, akakiweka juu ya meza, akaandika taratibu, akikandamiza. Akachukua nyundo na misumari mwenyewe, akakipigilia mahali palipokuwa wazi, juu kidogo ya mikia ya Dale. Clete akasogea na taa ili awasomee wengine kwa sauti, kama ilivyo desturi, akafungua kinywa, akasita.

"Orrin, umeandika Merle."

"Mh," alisema mzee.

"Shati ni lako wewe, bwana! Umesahau jina lako?" Clete akageuka kwa wenzake, akacheka. "Magoti, macho, na sasa kichwa!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Dale peke yake hakucheka. Alimtazama mzee, akamtazama Merle, akaanza kuelewa kitu, na akainamisha uso wake mwema chini haraka ili asikielewe chote.

"Sijasahau jina la mtu," mzee alisema akivaa koti. "Merle, mistari ya hiyo bunduki irudishe nyumbani kwake, kisha uiongezee bunduki ubao. Dale ana mikono mirefu."

"Ndiyo, Baba."

Wengine wakaanza kugombea maharage. Merle alibaki amesimama mbele ya ukuta, mkasi mkononi, akisoma jina lake kwenye kitambaa cha baba yake. Akapeleka mkono nyuma, akalipapasa shati lake. Lilikuwa zima.